Taa ya Matanga ya Mbotela

Kwa miaka kumi na tisa Nangila alishikisha nyaya mbili tu kwa solda, mwekundu na mweusi, katika kiwanda cha redio kule Industrial Area, Nairobi, na hakuna siku aliyoruhusiwa kuona zinaelekea wapi. Kazi ya kujua ilikuwa ya msimamizi. Kiwanda kilipofungwa, wenzake walilia mlangoni. Yeye alipitia soko la Jericho, akanunua redio kuukuu, akaifikisha nyumbani Mbotela na kuifungua mezani mpaka skrubu ya mwisho. Tangu siku hiyo hajamwomba mtu ruhusa ya kufungua kitu chochote.

Mwenzake katika utundu huo alikuwa Ayuma, aliyekaa naye benchi moja kiwandani na sasa mlango wa pili pale mtaani. Kila Jumamosi mchana wajane hao wawili walikwenda kwenye kibanda cha Seth, fundi wa simu wa Jericho, wakafungua vitu, wakaviharibu, wakacheka. Humo ndimo walimoamua kubuni taa ya matanga.

Mbotela wakifiwa, kikundi cha mazishi humsindikiza marehemu hadi kwao magharibi, na wasindikizaji hukesha uani, wengine chini ya turubai, wengine kwenye hema. Taa ya kichwani mwa jeneza haizimwi mpaka kupambazuke. Kwa kazi hiyo kikundi kilikuwa na karabai mbili ambazo vioo vyake vilivunjikia njiani kila safari, na genereta iliyonguruma hata mtu akilia asisikike.

Taa yao ilikuwa na betri ndogo kumi na mbili zilizotolewa kwenye laptopu zilizokufa, kila moja imepimwa na kutiwa alama. Ilikuwa na balbu za LED, na kifuniko kilichokatwa kwenye mtungi mweupe wa mafuta ya kupikia ili mwanga usiumize macho. Ilichajiwa kama simu. Ilifungwa kwa skrubu nne, maana Nangila alichukia kitu kilichogandishwa kwa gundi kana kwamba ndani mna siri. Mchoro waliubandika ukutani kwa Seth, anayetaka kuiga aige.

Kisha Nangila, kwa roho nzuri iliyokuja kumtokea puani, akaongeza kitundu cha kuchajia simu.

Safari ya kwanza ilikuwa matanga ya mzee Bwire, kule Busia. Waombolezaji wa Nairobi walikiona kitundu kabla hawajaliona jeneza. Mmoja akatoa waya wenye vichwa vinne, mwingine akaunganisha wake juu ya huo, na wimbo ukaendelea. Saa nane usiku taa ikazimika, mzee Bwire akabaki gizani, na mjane wake akapiga yowe lililoamsha kijiji. Zilihesabiwa simu tisa, na zote zilikuwa zimejaa chaji.

Mwenyekiti wa kikundi, Mzee Ondiek, karani mstaafu wa reli, hakuzitaja simu. Yake ilikuwa ya tatu. Alisimama kikaoni akasema, "Hatutamlaza tena mtu wetu kando ya takataka za laptopu."

Takataka! Nangila alirudi nyumbani kwa hasira. Ayuma alimpikia chai, akamwacha amalize kutukana.

"Hata yangu ilikuwa hapo," Ayuma akakiri, akicheka mpaka akakohoa. "Ya nne. Si ukitoe tu hicho kitundu?"

"Sitoi. Mtu akifiwa anataka kupigia watoto wake. Kitundu kitabaki, lakini nitakifunza adabu."

Ilimchukua miezi miwili. Kwa msaada wa Seth alitengeneza kidude kinachokata chaji ya simu pindi betri zikishuka hadi kiwango alichokipigia hesabu mwenyewe, ili kilichobaki kiwe cha mwanga peke yake. Ayuma hakukiona kikifanya kazi. Moyo wake ulisimama Jumanne asubuhi, akiwa anafua.

Jumatano kikundi kilikutana kupanga safari ya Ijumaa. Mzee Ondiek akasoma orodha: jeneza, basi, turubai, genereta. Nangila, ambaye mtaani walimwita Mama Mulama, akasimama.

"Ayuma ataenda na taa aliyoitengeneza."

"Mama Mulama, pole sana, lakini uliona yaliyotokea Busia."

"Niliona. Niliona na simu yako, Mzee." "Kesho saa moja asubuhi naiwasha kwenye chumba cha watoto cha kanisa, madirisha nimeyafunika kwa blanketi. Leteni simu zenu zote, na za majirani. Ikizimika kabla ya saa moja jioni, nitaivunja kwa nyundo mbele yenu."

Wakaja. Watu wa Mbotela wakisikia kuna kitu kitavunjwa huwa hawakosi. Simu zikapangwa sakafuni, Nangila akaketi kando ya taa na chupa yake ya chai. Saa sita mchana kitundu kikakata. Lenah msusi, aliyekuwa amepata nafasi baada ya kusubiri sana, akang'aka, "Mama Mulama, si hii kitu imekataa simu yangu!"

"Imekataa. Sasa angalia taa."

Taa ilikuwa inawaka. Iliwaka saa tisa, ikawaka saa kumi na moja, watu wakienda na kurudi, na saa moja jioni blanketi zilipoondolewa ilikuwa ingali inawaka, na nje giza limeingia. Wakapiga makofi. Nangila aligeuka upande wake wa kushoto, alikozoea kumkuta Ayuma kwa miaka yote ile, akakuta ukuta. Alitamani kumpiga mtu.

Mzee Ondiek akavua kofia. "Nimeona. Iende, na ikae kichwani mwake. Lakini genereta pia tuibebe, Mama Mulama. Kwa usalama tu."

"Genereta ibaki."

"Na kama itazimika?"

"Ayuma alitoka kile kiwanda na sikio moja tu linalosikia, Mzee. Kelele alishazimaliza. Taa ikizimika, nitakaa naye gizani hadi asubuhi, nimshike mkono, na sitamwomba mtu yeyote msamaha."

Mzee Ondiek akairudisha kofia kichwani. Kisha akaitoa orodha mfukoni, akaomba kalamu kwa Lenah, akalikata neno genereta.