Majembe ya Kuazima

Walisema sitaweza kusimamisha hata mlingoti wa antena. Kaka yangu alisema hivyo mbele ya shemeji zake wote, mkono ukiwa kwenye sahani ya mukimo: "Huyu alienda Doha kuchomelea mageti ya Waarabu. Sasa amerudi anataka kutuchomelea mwanamke!" Walicheka hadi mmoja akapaliwa. Mimi niliendelea kula. Nina diploma ya sanaa niliyojisomesha kwa jasho langu, na katika ukoo wetu hakuna mwingine mwenye karatasi kama hiyo hadi leo.

Kazi niliipata kwa haki. Ofisi moja ilitaka sanamu ya kupamba makutano ya barabara Ruiru, upande wa Gatongora, pale akina mama vibarua husimama alfajiri wakingoja kuchukuliwa kwenda mashambani. Wenzangu walipeleka michoro ya simba, ndovu na ngao. Mimi nilipeleka mama aliyeinama, mzigo mgongoni, mkanda kwenye paji la uso, kama walivyobeba mama zetu hadi paji likabaki na bonde.

"Mbona hatabasamu?" akauliza afisa wa mradi.

"Amebeba kuni," nikamjibu.

Nilishinda. Lakini vyuma walivyoahidi havikuja. Kila wiki viko njiani. Nikaenda Murera kuomba majembe kwa kikundi cha ngwatio, akina mama wanaolimiana mashamba kwa zamu. Kila mmoja huchonga alama yake kwenye bapa la jembe, mikwaruzo miwili, msalaba, nukta tatu, ili yasichanganyike wakati wa chai. Shosho mmoja, bibi kizee aliyekuwa mkubwa wao, alinitazama viatu kwanza.

"Unataka nikupe jembe langu?"

"Litasimama mjini, shosho. Watu wataona alama yako."

"Wee! Jembe alilonunua marehemu mzee wangu? Sikupi. Nakuazima. Siku watakapomwangusha huyo mwanamke wako, unirudishie."

"Hataangushwa."

"Watu wa majuu mnajua kuahidi," akasema, na wenzake wakaangua kicheko. Lakini waliyaleta. Majembe thelathini na saba, yote ya kuazima.

Nilimchomelea kwa miezi mitatu, alama zote zikitazama nje. Hakuna fundi Thika nzima ambaye angeweza. Niko tayari kubishana na yeyote. Akasimama. Vibarua wakaacha kutawanyika kando ya barabara, wakawa wanangoja miguuni pake, na wenye mashamba wakajua pa kuwapata. Mama mmoja wa Murera alizoea kugusa alama yake kabla ya kupanda pikapu.

Kisha mheshimiwa akatangazwa kuja kufungua rasmi. Asubuhi hiyo nilimkuta sanamu wangu amepakwa rangi ya dhahabu kuanzia kisigino hadi paji. Alama zote zimezibwa. Afisa alikuwa anajifuta vidole.

"Chuma kikuukuu kinaaibisha mji, bwana. Sasa anang'aa."

Kwenye kibao palikuwa na jina la mheshimiwa na la afisa. Langu halikuwapo, wala la mama yeyote wa Murera.

Sanamu wangu hakumaliza mwaka pale. Kampuni fulani ilitaka nafasi ile iweke bango la matangazo, na afisa yule yule akanipigia simu. "Njoo uchukue vyuma vyako kabla watu wa skrapu hawajafika."

"Akina mama wameulizwa?"

"Akina mama gani?"

Nilimkuta amelazwa kifudifudi kwenye matope. Pale aliposimama pamezungushiwa mabati, na vibarua walikuwa wametawanyika tena.

Mwenye hoteli moja Thika akamtaka kwa bustani yake. "Na hiyo dhahabu usiitoe," akasisitiza. Kaka yangu akanisihi nikubali: angalau kazi yangu ingeonekana, jina langu lingeandikwa. Nilitamani, sitadanganya. Kwa siku mbili nilitamani mpaka nikakosa usingizi. Lakini wageni wa hoteli wangepiga naye picha, na yule shosho wa Murera asingeruhusiwa kupita getini.

Nikawasha grenda nikamkata kwa mkono wangu mwenyewe. Nilianza na miguu, maana sikuweza kuanza na uso. Kila jembe nililikwangua rangi hadi nikaona alama. Kaka yangu aliendesha pikapu hadi Murera, na safari hiyo hakuwa na mzaha.

Tuliwakuta shambani, siku ya zamu. Niliita alama moja baada ya nyingine, na kila mama akaja kuchukua lake. Wa mwisho alikuwa shosho. Alilamba kidole gumba, akasugua ile mikwaruzo miwili.

"Haiya! Mmelipaka mafuta ya harusi?"

"Si mimi, shosho."

"Na lina makali kuliko nilivyokupa."

"Nililinoa." Nilikuwa nimeyanoa yote.

Hakuna anayenidai kitu Murera. Shosho alilitia jembe lake mpini, akaugongea juu ya jiwe, akarudi kwenye mstari akaanza kulima, na rangi ya afisa iliyobaki kwenye mikwaruzo ikaishia udongoni.