Vitone Vitatu Chini ya Injini

Jumamosi, tarehe 16 Julai 2011. Jalidi ililala juu ya mapaa ya Ponta Grossa, kusini mwa Brazili, mpaka saa mbili na nusu asubuhi. Kisha jua likatoka, lakini halikuwa na joto.

Siku hiyo Zeferino Kuchla aliingia chini ya gari lake kumwaga oili. Kabla ya kustaafu alipima malori ya soya kwenye maghala ya reli kwa miaka thelathini na mmoja. Gari lake ni la michezo, jekundu, la mwaka 1976, bodi ya faiba, injini nyuma, tena fupi kiasi kwamba mtu analivaa zaidi ya kuliingia. Alilinunua mwaka 1992 likiwa limenoki, akalifufua pamoja na Olívio Trentin, fundi wa mtaa wa nyuma. Wanaitana kompadre, maana Zeferino ndiye aliyemsimamia binti wa Olívio siku ya ubatizo.

Injini za magari hayo huuawa na joto. Silinda ya tatu haipati hewa ya kutosha kuipoza, valvu inaungua, na anayekanyaga mafuta mlimani hurudi nyumbani kwa kuvutwa. Ya Zeferino ilidumu. Aliipasha moto dakika tatu kabla ya kuondoka, alibadilisha oili mapema kuliko kitabu kilivyosema, na hakupita mwendo wa themanini.

"Wajukuu zako hujawahi kuwabembeleza hivyo," mkewe Iraci alizoea kumwambia.

"Wajukuu hawavuji oili," alijibu.

Agosti ya mwaka uliotangulia moshi ulianza kutoka kidogo, akampelekea Olívio afanye ovahoo. Kazi ilichukua miezi saba. Aliporudishiwa gari akaanza kuizoesha injini polepole, kama inavyotakiwa kwa kilomita elfu moja za kwanza, huku madereva wa malori wakimpigia honi na kumtukana. Kilomita mia tano zikifika, oili humwagwa ili kuona kama ina chembe za chuma. Ndiyo kazi aliyokuwa nayo asubuhi ile.

Oili ilikuwa safi. Alipokuwa akifuta chini ya injini kwa kitambaa, aliviona vitone vyake.

Wenye magari ya aina hiyo pale mjini hawaamini namba ya injini, kwa sababu namba hufutwa kwa tupa na nyingine ikagongwa. Kila mmoja hugonga alama yake ya siri kwenye bloku, mwili wa chuma wa injini, na fundi ndiye mtu wa mwisho kuonyeshwa. Lakini mwaka 1992 Zeferino alishindwa kugonga sawasawa akiwa amelala chali, akamwita Olívio. "Nigongee wewe, kompadre. Mkono wako hautetemeki." Olívio akagonga vitone vitatu.

Vilikuwepo vyote vitatu, mahali palepale. Ila vilikuwa vyeupe ndani, na kingo zake zilikwaruza ukucha. Zeferino alivipitishia ukucha mara tatu. Kisha akanawa mikono, akabadilisha shati, akaenda gereji kwa miguu.

Olívio alikuwa akimimina maji ya moto kwenye kibuyu cha mate, chai chungu ya majani ya huko.

"Karibu, kompadre! Umemwaga? Umeona vyuma?"

"Sijaona vyuma. Nimeona vitone."

"Si vipo?"

"Vipo. Umevigonga lini?"

Olívio alicheka. "We mzee, akili imeanza kuganda na baridi hii! Tisini na mbili, mbele ya macho yako."

"Nimepima malori miaka thelathini na mmoja. Dereva aliyeficha mawe chini ya soya alikuwa anacheka hivyohivyo."

Olívio akaweka kibuyu mezani. Pembeni lilisimama gari lake mwenyewe, la aina ileile, la njano, lililoshinda mbio za kupanda mlima mwezi Mei. Siku ile Zeferino alisimama kwenye kona ya mwisho, akalipigia makofi mpaka viganja vikamuuma.

Sasa alilala sakafuni kwa shati lake safi, akatazama chini ya gari hilo. Olívio hakumzuia. Vitone vitatu vilikuwa pale, vyeusi, vimejaa masizi ya miaka kumi na tisa.

"Bloku yangu ilipasuka," Olívio alisema. "Mbio zilikuwa zimekaribia, na yako nzima kama ya jana. Kompadre, ulikuwa unaiendesha sitini kwenda misa! Kwako ilikuwa imelala tu."

"Kwangu umeweka nini?"

"Ya gari la mizigo. Imechomelewa, lakini vizuri. Kwa mwendo wako ingefika."

"Ingefika wapi?"

Olívio akaokota spana, akaanza kuifuta.

"Nilikuonyesha mahali pa siri, nikakupa na nyundo," Zeferino alisema. "Ungeniomba injini, ningekunyima?"

"Jumatatu naitoa. Nakurudishia yako."

"Umeipandisha mlima mara ngapi?"

"Mashindano matatu."

"Basi hiyo si yangu tena."

Alikiangika kitambaa alichojifutia kwenye msumari, akaondoka. Kibuyu kilikuwa bado kimejaa.

Asubuhi iliyofuata, Jumapili, aliamka saa kumi na moja. Alifungua nati nne zinazoshikilia injini, akaiteremsha kwa jeki mpaka kwenye toroli, na saa moja akaisukuma mpaka mlango wa gereji ya Olívio. Aliilaza juu ya gunia ili isikwaruzike, akarudi, akafagia mahali ilipokuwa. Kisha yeye na Iraci wakaenda misa kwa miguu. Olívio alikuwa ameshafika, amewawekea nafasi kwenye benchi lao kama kila wiki. Zeferino alimpita, akaenda kukaa upande wa pili, nyuma ya nguzo.