Mkimbiaji Aliyesimama Kusalimia

Kutoka Singida hadi Kibondo nilibadilisha magari mpaka begi langu likachoka kabla yangu. Basi lilinifikisha Kahama, lori la saruji likanivusha Nyakanazi, na Kakonko nikadandia pikapu iliyojaa miche ya migomba. Vijana wa klabu ya riadha waliokuja kunipokea walikuwa wanatafuta kocha. Kwa vumbi lile jekundu, walipokea tofali.

Sikuwa na cheti zaidi ya cha kidato cha nne, na miguu iliyowahi kushinda mbio mbili tatu enzi zake. Lakini nilikuwa na filimbi, na mwenye filimbi husikilizwa.

Mkimbiaji wangu bora alikuwa mwanamke kijana aliyeolewa kijiji cha Murungu, muuza maharage sokoni. Mapafu yake sijui aliyaazima wapi. Kasoro yake ilikuwa moja tu: hakuweza kumpita mtu mzima barabarani bila kumsalimia. Na Waha, wenyeji wa huko, hawasalimiani kwa kupungiana mkono. Unasimama, unainama, unapiga makofi taratibu, "Mwakeye," kisha unauliza habari za nyumbani, za watoto, za mihogo, za ng'ombe. Naye anakurudishia zote, bila kuruka hata moja.

"Usisimame!" nilipiga kelele.

"Kocha, yule ni mzee."

"Mpungie mkono!"

Alinitazama kana kwamba nimemwambia amtemee mate.

Nikaenda kulalamika kwa baba mkwe wake. Tulisalimiana mpaka chai ikapoa.

"Watu walisema nimemwoza mwanangu swala," akaniambia. "Nikawajibu, swala wangu ana adabu. Siku nikisikia amempita mtu kama nguzo ya umeme, kocha, viatu ulivyompa utakuja kuvichukua hapa."

Basi nikabanwa. Akiacha kusalimia, hakimbii tena. Akisalimia, ataipataje nafasi kwenye timu ya mkoa, nayo itachaguliwa kwenye mashindano ya Kasulu? Nafasi ile aliitamani kuliko chochote. Aliwahi kuniambia hajafika hata siku moja mahali ambapo hajulikani na mtu. Alitaka kuona kukoje.

Nilimgombeza, akawa mzito. Nilimsifu, akaona haya, akawa mzito zaidi. Nikampitisha njia za porini, kumbe huko ndiko wazee wanakokata kuni. Nilipochoka kumbadilisha ndipo nilipomtazama vizuri: kila alipomaliza salamu, alichomoka kama aliyeumwa na nyuki ili awafikie wenzake. Nikawafuata wazee mwenyewe, nikawaomba asubuhi wakae barabarani, mmoja hapa, mwingine kule mbele, ili achomoke mara nyingi zaidi.

Waliipenda kazi hiyo kupita kiasi. Bibi mmoja alikuja na kigoda chake, akaanza kuuliza hadi habari za mashangazi wasiokuwepo duniani.

"Bibi, unanichoshea mtu wangu."

"Si ndiyo kazi uliyonipa?"

Habari zikafika Kasulu. Kocha wa huko alikuwa mwenye duka, asili yake Pwani, ulimi wake mtamu kuliko sukari aliyoiuza. Siku ya mashindano nikakuta njia yote ya kutoka Kabanga kuingia mjini imepangwa mababu na mabibi, wamevaa kama wa harusini.

"Wazee wetu wanapenda michezo, yakhe," akaniambia huku akijipepea kwa kofia.

Niliwafuata wakimbiaji kwa pikipiki, roho mkononi. Kwa bibi wa kwanza tu, wangu akasimama, akainama, akapiga makofi. Wasichana wa Kasulu wakampita wakicheka. Bibi akawageukia.

"Nanyi je? Mgeni ananisalimia, ninyi mliokulia mgongoni kwangu mnanipita kama mbuzi? Rudini!"

Nani angethubutu kukataa? Wakarudi. Wakasalimu wakihema kama mivukuto. Mbele kidogo babu naye, akiwa ameona yote, akadai haki yake. Kuondoka, kusimama, kuondoka tena: miguu iliyozoea kwenda mfululizo ikagoma. Wangu alikuwa anafanya alichofanya kila asubuhi. Alipofika mjini, wenzake walikuwa bado wanajibu habari za mihogo.

"Umenipiga kwa bibi zangu mwenyewe," akasema mwenye duka, akaninunulia soda.

Timu ya mkoa ikamchukua. Mimi nyayo zilikuwa zimeanza kuwasha, na kwa kawaida yangu huondoka alfajiri bila kuaga. Siku aliyokuwa anakwenda kambini Kigoma, nami nikafunga begi nipande basi hilohilo. Nilisahau jambo moja: wazee wangu walikuwa barabarani, kila mtu mahali pake.

Nikainama. Nikapiga makofi. Nikainama tena. Nilipofika kwa bibi wa kigoda, basi lilikuwa linaunguruma, na kichwa cha mkimbiaji wangu kikachomoza dirishani.

"Kocha, usisimame!"

"Wewe umewaaga saa ngapi?"

"Jana!"

Basi likaanza kusogea. Bibi alinishika mkono, hajafika kwenye habari za ng'ombe bado. Sijawahi kumiliki hata mmoja. Nikamwambia hawajambo wote, wanamsalimia, nikachomoka.