Chipu zangu ndani ya gambuti

Leo nusura nilie Soko la Burma, mimi ambaye kasino wakiniona wanatetemeka!

Jana nilishinda. Chipu zao za plastiki nikazificha ndani ya gambuti zangu za mvua, nije nizibadilishe ziwe pesa leo nimnunulie mke cherehani.

Kuamka, mke ashampa Wafula wa bucha ya Burma gambuti zangu. Eti hapa mtaani Mbotela nalima nini?

Nilikimbia hadi pikipiki zikanipisha, haki ya Mungu.

Nikampata Wafula anachechemea.

"Mzee, gambuti zako zina kokoto!"

Akavua, akamwaga. Zote zipo!

Nikamwambia achukue chipu mbili. Akakataa.

"Mpelekee mama pesa zote. Na usipitie kwa meza ya kamari."

Sijapitia. Cherehani iko nyumbani, mke anaimba.

Wafula, Mungu akuzidishie.

Nyinyi mngerudisha? Semeni ukweli.