Boliti kwenye Kichwa cha Injini

Mwaka 1956 Dauda alikuwa ametimiza miaka kumi na mmoja akitengeneza magari Gisenyi, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Aliswali, alinyamaza, alifanya kazi. Lakini tangu mwezi wa tatu alikuwa na jambo moyoni ambalo hata mkewe hakulijua.

Lilihusu pikapu moja ya kabla ya vita, mali ya mfanyabiashara wa chumvi. Kipimajoto chake cha maji, kile kidude cha shaba kinachokaa kwenye kichwa cha injini na kupeleka habari kwenye saa iliyo mbele ya dereva, kilianza kuvuja. Kipya hakikupatikana. Dauda akakitoa, akaziba tundu kwa boliti, akamwambia mwenye gari. Dereva, Twagirimana wa Nyundo, hakumwambia. Alidhani tajiri angesema. Tajiri naye alidhani fundi amekwisha sema.

Mshale wa saa ile ukabaki umelala upande wa baridi. Wiki tatu baadaye, Twagirimana akipanda mlima wa kuelekea Ruhengeri na shehena ya chumvi, gari likaishiwa nguvu. Akatazama mshale: baridi. Akashuka, akafungua kifuniko cha rejeta, na maji yanayochemka yakamrukia usoni. Ngozi ilipona. Macho hayakupona.

Mwezi wa saba kipimajoto kipya kilifika kwa meli kutoka Bukavu. Dauda alikifungua kwenye karatasi yake, akakitazama, akakirudisha mfukoni. Hakwenda kwenye gari. Alikwenda Nyundo kwa miguu, akamkuta Twagirimana ameketi uani na mkewe Mukagasana, mjamzito, akichambua maharage.

“Twagirimana, iko neno sikukuambia,” alisema akiwa bado amesimama. “Ile mushale ilikuwa inalala sababu mi nilitoa kipimo. Nilifunga tundu na boliti.”

Mukagasana aliacha maharage. Twagirimana alisimama, akageukia ile sauti.

“We ulijua tangu lini?”

“Tangu siku uliungua.”

“Na unakuja leo?”

“Niliogopa.”

“Bon. Nipeleke. Nataka kushika hiyo boliti na mukono yangu.”

Waliteremka polepole, mkono wa kipofu begani mwa fundi. Kwenye gereji, ambako pikapu ile ilikuwa ikingoja, Dauda alimwaga maji ya rejeta, akauongoza mkono ule mpaka kwenye kichwa cha boliti.

“Ni hii tu?”

“Ni hii tu.”

Akaifungua. Kabla ya kufunga kipya, alikiunganisha kwa waya na saa ya gari, akakitumbukiza katika sufuria ya maji iliyokuwa ikichemka kwenye jiko la mkaa kando ya gari.

“Inapanda?” Twagirimana aliuliza.

“Inapanda. Imepita katikati. Sasa iko kwenye nyekundu.”

Twagirimana aligeuza uso. Dauda alikivika kidude washa mpya, pete ya shaba ya kuzuia maji, akakizungusha kwanza kwa vidole ili asiharibu meno ya chuma kile cha zamani, kisha akamalizia kwa spana, robo mzunguko tu. Akajaza maji, akawasha injini, akangoja ipate moto, akapitisha kitambaa pembeni. Kilikuwa kikavu.

“Leo sikusamehe, Fundi.”

“Sikuombi unisamehe leo.”

“Lakini umekuja mwenyewe. Hiyo nimeiona.”

Tangu siku hiyo Dauda hakumkabidhi tajiri yeyote habari ya gari peke yake. Alimwita dereva, akamshikisha mkono pale alipotoa kitu au kuziba, na hakuwasha injini mpaka dereva amerudia maneno yake. Wengine walimcheka. Na kila Jumamosi alikwenda Nyundo kulima shamba la Twagirimana, akirudi jioni bila kukaribishwa ndani.

Mwezi wa kumi Mukagasana alijifungua. Siku ya nane, siku ya kumpa mtoto jina, ambapo watoto wa jirani hulishwa na kila mwalikwa hutaja jina analompa, Dauda alikuwa akipalilia aliposikia akiitwa. Alinawa mikono, akasimama mlangoni.

“Ingia, Fundi,” alisema Twagirimana. “Watoto wanakula. Na we useme jina yako ya kumupa.”

Dauda alivua viatu, akaingia.