Albamu Iliyoitwa Shuka

Kazini walimwita Povu, na jina likamfuata hadi nyumbani; hata mumewe na mama mkwe wake walilizoea. Alikuwa mfuaji katika hospitali kubwa, kwenye chumba cha chini kabisa ambako mikokoteni ya nguo chafu hushuka kwa lifti, na nguo safi hupanda kwa lifti hiyohiyo zikiwa zimekunjwa. Mashine zilikuwa kubwa kama magari madogo. Zikianza kukamua, sakafu hutetemeka na watu huongea kwa mikono. Kazi ya Povu ilikuwa kupokea mikokoteni na kuchambua mashuka: ya damu huku, ya dawa kule, ya waliofariki kwenye mifuko yao.

Mwisho wa wiki alipiga gitaa la umeme. Kaka yake, fundi wa malori, alipiga dramu, na mwalimu mmoja wa shule ya msingi alipiga besi. Mazoezi walifanyia kwa binamu yao, katika nyumba ambayo haijapigwa lipu. Walipiga roki ya kelele: gitaa linakwaruza na kulia mpaka meno yanaingia ganzi, dramu nzito kama mtu anayebomoa ukuta bila haraka, na Povu akisema maneno zaidi ya kuyaimba. Wakarekodi nyimbo saba, wakaiita albamu Shuka, wakaiweka mtandaoni. Walidhani mambo yangeishia hapo: ndugu wawili watatu wangepongeza kwa adabu, wengine wangejifanya hawajaiona.

Wa kwanza kuandika alikuwa mchambuzi wa muziki wa gazeti moja. "Povu anatoa povu," aliandika, "na msikilizaji hakupewa taulo." Alisema albamu ni giza mwanzo mwisho, sauti ya mwimbaji imefukiwa chini ya gitaa kama mtu aliyeangukiwa na dari, na wimbo wa tatu unafaa kufukuzia panya. Povu aliyasoma wakati wa chai, akacheka hadi akamwaga chai mezani.

"Huyu kasikiliza," alimwambia mwenzake wa zamu. "Wimbo wa tatu kweli unafukuza panya."

Aliyeleta balaa ni yule aliyesifu. Kijana mmoja mwenye ukurasa wake wa uchambuzi mtandaoni aliipa nyota zote alizokuwa nazo. Aliuchukua mstari mmoja wa wimbo wa mwisho, *nani alilala hapa kabla yako*, akaugeuza na kuupindua. Shuka hili, aliandika, ni la kitanda cha ndoa. Huyu ni mke aliyesalitiwa, na kila mlio wa gitaa ni jina la hawara asiyetajwa.

Uchambuzi huo ulisambaa kuliko albamu yenyewe. Wasikilizaji wakajaa chini yake. Mmoja alisema yeye huipiga kila asubuhi akipiga pasi, tangu aachane na mumewe. Mwingine alisema mtoto wake alilia, na mbwa wa jirani pia. Mwingine akauliza mambo ya chumbani yanatolewaje nje na mtu mzima mwenye akili zake. Mtaani, wanawake walianza kumshika Povu mkono muda mrefu kupita kawaida. "Pole, mwenzangu. Wanaume ndio hao."

Sasa mumewe alikuwa kinyozi, na saluni ya kinyozi ni vioo na maneno. Mteja akikaa kitini tu, anauliza, "Kaka, na hapa nani alikaa kabla yangu?" na benchi zima linaangua kicheko. Siku za mwanzo kinyozi alicheka nao. Baadaye akawa anawasha mashine ya kunyolea mapema ili asisikie.

Jioni moja aliweka kijiko chini katikati ya chakula.

"Mke wangu, mimi nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu."

"Basi waambie."

"Wimbo ukishatoka umetoka. Siwezi kuukimbilia barabarani nikiufafanua."

"Sawa," alisema mumewe. "Ila anayekimbizwa barabarani ni mimi."

Povu akakusanya sahani. Aliosha vyombo akiwa amenuna, na aliyemnunia ni nafsi yake.

Jumapili mama mkwe akaja bila kupiga simu, wifi akiwa nyuma yake na uso wa kikao. Bibi huyo aliitikia shikamoo, akakataa soda, akakaa wima na mkoba mapajani.

"Nimeambiwa mwanangu kaimbwa. Sitaki kusimuliwa. Niwekeeni nisikie."

"Mama, ni kelele," alisema kinyozi.

"Nimelea watoto sita. Weka."

Wakaweka. Wifi aliziba masikio kwenye wimbo wa kwanza, na kufika wa tatu akakumbuka shughuli jikoni. Mama mkwe hakutikisika. Mara moja tu aliomba maji, akaashiria kwa kidole wasizime. Wimbo wa mwisho ulipokata, friji ikasikika.

"Hii ni hospitali," alisema mama mkwe.

Povu alimtazama.

"Hicho kinachogonga mwanzoni ni mkokoteni wenye gurudumu bovu. Nilipovunjika nyonga nililala pale nikiusikia ukipita mlangoni, nikijiuliza safari hii umembeba nani. Na hilo la nani alilala hapa, hata mimi nililiuliza shuka langu." Akafungua mkoba, akatoa leso, akajifuta shingo. "Ni kitu kibaya, mwanangu, sikufichi. Sijawahi kusikia kibaya hivi. Lakini mume wako hayumo humu."

Kisha akaikubali soda.

Ndipo Povu alipokubali mwaliko wa redio aliokuwa akiukwepa. Mtangazaji alimkaribisha studio, na yule kijana mchambuzi akaunganishwa kwa simu. Povu alieleza kwa ufupi. Alisema yeye ni mfuaji wa hospitali, na sauti nyingi za albamu alizirekodi kazini. Akasimulia jinsi siku moja, kati ya mashuka meupe ya waliofariki, alivyokuta shuka la maua ambalo mgonjwa alikuja nalo kutoka nyumbani kwake. Alilifua peke yake, akalipiga pasi, akaliweka kwenye rafu. Hakuna aliyekuja kulichukua. Wimbo wa mwisho ulitokana na hilo.

"Lakini msanii huwa hajui kila anachosema," alisema kijana. "Mimi bado nasikia ndoa."

"Sikia tu, mdogo wangu, sikukatazi. Mume wangu muache anyoe watu."

Mtangazaji akafungua simu. Aliyepiga wa kwanza alikuwa mwanamume wa makamo, sauti yake taratibu.

"Mimi muziki wenu siuwezi. Niliuzima wimbo wa pili. Nimepiga kuuliza kitu kimoja: hilo shuka, maua yake yalikuwa ya rangi gani?"

"Ya manjano," alisema Povu. "Na pindo la buluu."



"Letu lilikuwa jekundu," alisema yule mtu. "Haya, asante." Akakata.

Povu hakukumbuka vizuri mengine aliyoulizwa siku ile.

Mambo yalitulia kwa namna yake. Saluni iliacha utani, ingawa mteja mmoja aliendelea kuapa kwamba kinyozi alimpangia mkewe maneno ya kusema. Mchambuzi wa gazeti aliandika tena: ameelewa sasa albamu inahusu nini, na bado haipendi. Povu aliona hiyo ni haki yake kabisa. Kijana wa mtandaoni hakufuta alichoandika. Aliongeza aya moja chini, ndefu kuliko yote ya juu.

Aliyeumia hasa ni mwalimu. Wazazi wa wanafunzi waliisikia albamu, mkuu wa shule akamwita ofisini, naye akaja mazoezini kuaga akiwa na besi yake begani na aibu usoni. Kaka mtu alitukana kidogo, kisha akamsaidia kubeba spika hadi nje.

Walitafuta mpiga besi mwingine kwa muda. Aliyejitokeza ni mama mmoja mshona mapazia, ambaye vidole vyake vilikuwa vigumu kama kucha. Walipomuuliza aliijuaje albamu, alisema aliisikia kwenye simu ya mwanawe, akaipenda siku hiyohiyo, kwa kuwa kelele zake zilimtoa mume wake nyumbani.

"Akarudi?" aliuliza kaka mtu.

"Karudi. Tuanze na upi?"