Kitanda Kisicho na Msumari

Baada ya mkewe kuzikwa, mzee seremala alikula peke yake, kisha na mjukuu wake tu, maana binti yake, mama wa mtoto, alichelewa kutoka kazini. Binti huyo aliachana na mumewe akarudi kwa mzee, na leo hakimu alimwuliza mtoto mwenyewe anataka kukaa na nani. Mzee alitulia, akiamini mtoto angemtaja mama.

"Kwa baba," mtoto akasema.

Nje ya mahakama mzee alijaribu utani wao. "Nawe unaniacha, mke wangu?"

"Wewe utabaki na mama, babu. Baba anakula peke yake. Tena huyo hata chai anaunguza!"

Kula peke yake mzee alikujua. Mtoto huyu ndiye aliyemtoa huko.

Jioni alikifungua kitanda cha mtoto, alichokiunga mwenyewe kwa kabari za mbao, akakisukuma kwa mkokoteni hadi kwa mkwewe. Mkwe alisimama mlangoni.

"Shika huku," mzee akamwambia. Walipomaliza kukiunga, akakitikisa kwa mkono. "Kabari zikilegea, usije ukapiga msumari. Niite, nitakuja."